Kwa Gwakisa, kabla hamjachanga

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Gwakisa,

Ugonile. Huku hatujambo, ila baridi ya Juni imetukalia vibaya.

Nimesoma habari ya huyo bwana anayetaka kuwaletea kikundi chenu cha Matema, huko Ziwa Nyasa, mbegu za kome wa lulu kutoka China. Najua uvuvi umekuwa wa kubahatisha, lakini kwa hili siko nanyi.

Sichukii ufugaji wa lulu. Zamani wapiga mbizi wa Ghuba ya Uajemi walifungua chaza kwa mamia wapate lulu moja, na waliofunguliwa wakafa bure. Mikimoto wa Japani alipopata lulu ya kufuga yenye umbo la nusu duara mwaka 1893, mambo yalianza kubadilika. Halafu chaza halishwi pumba wala dagaa. Anachuja maji na kula vijimea vilivyomo. Kule Fumba, Unguja, kina mama wanafuga chaza wa bahari yao wenyewe. Hapo sina neno.

Ya maziwa ya China ni mengine. Kome mmoja wa kule hubeba lulu nyingi kwa pamoja, na wafugaji walimwaga samadi na mbolea majini ili vijimea vizidi na kome wanenepe. Maji yakaoza, mpaka baadhi ya majimbo yakapiga marufuku. Ziwa letu ni safi kwa sababu halina rutuba nyingi. Mkitaka kome hao wanenepe, si mtaanza na samadi ya kuku? Na maji ya Nyasa hayatoki haraka. Kina kinafika karibu mita 700, na huko chini hakuna hewa ya oksijeni. Mito kama Kiwira tayari inawashushia udongo na mbolea za mashambani.

Linalonitisha zaidi ni watoto wa kome. Wakizaliwa ni wadogo mno, hujishikiza kwenye matamvua na mapezi ya samaki, wakasafiri nao mpaka wanapodondoka na kuanza maisha. Wavu gani utawazuia? Ziwa Victoria walipandikiza sangara miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikapotea. Nyasa ina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na ina kome wake wa asili.

Tena sokoni mtashindana na China yenyewe, inayotoa karibu lulu zote za maji baridi. Bei ya lulu ndogo ni ya kusikitisha.

Muulize huyo bwana jina la kitaalamu la kome wake, na kama ana kibali cha kuingiza kiumbe kigeni ziwani. Akijiumauma, msichange hata shilingi. Mkiona bado mna hamu ya lulu, tumeni watu wawili Unguja wakajionee, nauli nitachangia.

Msalimie mama. Usipa, dagaa wa huko ziwani, ukipatikana nitumie debe kwa basi, mzigo nitalipia huku.

Wako,
Tusa