Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: maombi yangu yana siku 214, naomba jibu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KAZI YALIYOKAA SIKU 214 BILA JIBU

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mkenya, fundi wa mitambo ya baridi, na ninakuandikia kutoka Kirumba, Mwanza, leo Jumatatu ya Pasaka. Sikupenda kuandika hadharani. Nimeandika barua tatu za kawaida, nimepeleka nakala kwa mkono wangu, nimepiga simu mpaka anayepokea akaizoea sauti yangu. Nilinyamaza muda mrefu kwa sababu ni mgeni, na mgeni akilalamika huonekana hana shukrani. Lakini Alhamisi usiku, ya kuamkia Ijumaa Kuu, kijana wa Kitanzania nusura aumie nikiwa nimesimama hatua kama arobaini kutoka alipo, nje ya geti, bila ruhusa ya kumfuata. Tangu usiku ule kunyamaza kumenishinda.

Nianze na kazi yenyewe, maana nadhani huko maofisini haijaeleweka. Kiwanda kilichoniajiri kinachakata sangara. Minofu ikishakatwa inagandishwa, kisha inatunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri mpaka isafirishwe. Baridi hiyo inaletwa na amonia. Ni gesi ya gharama nafuu na inafanya kazi vizuri kuliko nyingi, lakini haina msamaha. Ikivuja inachoma macho, inabana kifua, na ikiwa nyingi ndani ya chumba inaua. Nimeishi nayo miaka 16. Naujua mlio wa kompresa, ile mashine inayokandamiza na kusukuma gesi, ikiwa na afya na mlio wa ile inayoelekea kuharibika, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha homa.

Kiwandani hapo nilikuja mara ya kwanza Juni mwaka jana kwa pasi ya muda mfupi, kufunga kompresa mpya. Siku 90 zilipoisha mwajiri akaniomba nibaki miaka miwili, na sharti mojawapo ni kumfundisha Mtanzania mpaka aweze kuishika mitambo peke yake. Sharti hilo nililipokea kwa moyo mweupe, na nalikubali mpaka leo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka hivyo, na inataka kwa haki: mgeni aje, afundishe, aondoke akiwa ameacha mtu. Kijana alishapatikana, na mpango wa kumrithisha ujuzi uliandikwa ukaambatishwa. Mkataba ukasainiwa mwishoni mwa Agosti, maombi yakaingia kwenye mfumo tarehe 4 Septemba, ada ikalipwa siku hiyo hiyo. Risiti ninayo.

Tangu hapo nikifungua mfumo naona neno moja: linashughulikiwa. Nimelisoma Septemba, nimelisoma Krismasi, nimelisoma asubuhi hii kabla ya chai.

Mheshimiwa, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tanzania iliisaini pamoja na wenzake. Kanuni zake za wafanyakazi zinasema raia wa nchi mwanachama mwenye mkataba aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi, na mamlaka itoe kibali ndani ya siku 30 tangu maombi. Sisi tulitimiza siku zetu 15. Zile 30 ni zenu. Leo ni siku ya 214.

Najua mgeni anapita milango miwili: kibali cha kazi kwanza, kibali cha ukaazi baadaye. Mlango uliokwama sitautaja hapa, wala dawati, wala mtu. Sikuandika ili kijana wa mapokezi aliyewahi kunipa kiti asimamishwe kazi. Namba ya maombi nimeiweka kwenye nakala iliyokuja ofisini kwako. Ukiifungua utaona faili limelala kwa nani.

Sasa nieleze ya Alhamisi.

Mhandisi Mtanzania wa zamu ya mchana alikuwa amekwenda kwao Sengerema kwa sikukuu. Kijana wangu alibaki peke yake na wasaidizi wawili wasioujua mtambo. Saa tano usiku akanipigia: "Fundi, kompresa namba mbili imejizima tena." Nikamuuliza shinikizo la upande wa juu. Akasema lilifika baa 16 ndipo ikakata. Kawaida yetu ni 12, ikizidi sana 13. Nikamwambia asiiwashe. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikachukua bodaboda nikafika getini nimelowa mpaka soksi.

Mlinzi ananifahamu. Asubuhi tukikutana huniamkia "mwangaluka" nami nimejifunza kuitikia. Usiku ule alisimama katikati ya geti akasema kwa huzuni, "Mzee, unajua siwezi." Simlaumu hata kidogo. Mgeni asiye na kibali akigusa mtambo ule ni kosa langu na ni kosa la mwajiri, na maelekezo ya mwajiri yamebandikwa pale kibandani kwa maandishi makubwa. Nikabaki nje, simu sikioni, mkono mwingine nimeshika nondo za geti.

Nikamwambia kijana apande juu ya paa kwenye kondensa, pale gesi inapopozwa kwa maji, amulike kwa tochi aone kama maji yanamwagika juu ya mabomba. Akasema yanadondoka upande mmoja tu. Hapo nikajua. Maji yanatoka ziwani, na mvua zikianza huja na mwani na vipande vya magugu maji. Chujio la pampu linaziba, nozeli zinaziba, kondensa haipoi, shinikizo linapanda. Ni kazi ya dakika 20 kwa aliyewahi kuifanya. Yeye hajawahi. Ilikuwa kwenye ratiba ya mafunzo yake ya mwezi wa pili, na mwezi wa pili mimi sikuwemo ndani.

Nikaanza kumpeleka hatua kwa hatua: zima feni, zima pampu, funga vali ya maji. Wakati anashuka akaniambia, "Fundi, macho yanawaka." Nami pale getini nikaanza kuisikia, ile harufu kali inayokuingia puani hadi nyuma ya macho. Shina la vali moja lilikuwa limeanza kuvuja kwa ile presha. Nikapiga kelele: toka nje, nenda upande upepo unakotoka, acha kila kitu! Kisha simu ikakatika.

Mheshimiwa, simu ilikatika kwa dakika kumi na moja. Nilipiga, haipatikani. Nilipiga tena. Nilimwomba mlinzi aingie, akasema hana barakoa, na kweli hana. Niliwaona wale wasaidizi wawili wakikimbilia upande wa mizani, nikawahesabu: wawili. Wa tatu simuoni. Mimi ninazo barakoa mbili za amonia, zangu mwenyewe, na ile vali ningeifunga nikiwa nimefumba macho. Zote mbili zilikuwa ndani ya sanduku langu la vifaa, chumbani kwangu Kirumba, kwa sababu kwa miezi saba nimekatazwa kuja nalo kazini.

Akapiga kwa simu ya mtu mwingine. Alikuwa ametoka kupitia mlango wa nyuma, amenawa macho kwa maji ya bomba, na simu yake ameiacha juu ya paa kwenye mvua. Alilia kidogo. Ana miaka 23. Tulisubiri harufu ipungue, mhandisi akapigiwa Sengerema akaanza safari, na saa tisa usiku mtambo ukarudi. Hakuna aliyeumia, na minofu haikuharibika. Lakini sitaki kuambiwa kwamba basi, yameisha.

Kwa nini faili limekwama? Hakuna aliyeniambia, kwa hiyo nabaki kukisia. Pengine ni neno "fundi". Mwajiri aliandika "fundi mkuu wa majokofu", na maombi yaliingia wiki chache baada ya amri ya Julai 2025 iliyowafungia wageni biashara 15, ikiwamo saluni na utengenezaji wa simu. Labda mtu alisoma "fundi" akaniweka kapu hilo. Amri ile siibishii, ni ya nchi yenu na mna sababu zenu. Lakini mimi sina kibanda, siuzi kitu, sichukui riziki ya kijana mchuuzi wa Makoroboi hapa mjini. Pengine ni majina: pasipoti ina matatu, cheti cha chuo kina mawili. Kama ni hilo, naomba niambiwe, nitakula kiapo kesho. Au pengine ni yule mtu aliyenifuata nje ya jengo mwezi Novemba, akijiita wakala, akasema faili bila kusukumwa haliendi, akataja na bei. Nilikataa. Sijui kama anamjua yeyote ndani, huenda ni kishoka tu wa barabarani. Lakini tangu siku ile kila usiku najiuliza kama kukataa kwangu ndiko kunanigharimu, na si haki mtu aliyekataa rushwa kulala na swali hilo.

Nilipangisha chumba kwa kodi ya miezi sita kwa sababu nilihakikishiwa kibali kiko njiani. Kodi imeisha mwezi uliopita. Mshahara sina, siwezi kulipwa kwa kazi nisiyoruhusiwa kuifanya. Pikipiki yangu kule Kisumu imeuzwa. Mke wangu anauza omena Kibuye, wale mnaowaita dagaa, na ndiye anayenitumia mimi pesa ya kula, mimi niliyeondoka nyumbani ili nimtumie yeye. Binti yetu mkubwa alirudishwa nyumbani mara mbili muhula uliopita kwa ajili ya ada. Mara ya pili aliniuliza kwenye simu, "Baba, huko Tanzania wamekukataa?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu sijakataliwa. Ningekataliwa ningejua. Ningekuwa nimerudi, nimetafuta kazi Nakuru au Mombasa, nimelipa ada.

Bibi yangu mzaa mama alitoka Shirati, Rorya. Nimekuja Mwanza tangu mtoto, kwenye misiba na harusi. Silitaji hilo ili nipendelewe. Nalitaja kwa sababu nchi hii siiogopi wala siidharau, na ninapoandika kwa uchungu ni uchungu wa mtu wa karibu.

Tuliambiwa mfumo wa mtandaoni umeletwa ili watu waache kusafiri na bahasha. Nimeshasafiri na bahasha mara nne, mbili Dar es Salaam na mbili Dodoma. Basi la Dar es Salaam ni siku nzima na zaidi, na nikifika naambiwa niangalie kwenye mfumo. Mwaka jana mwezi huo huo nilipofika, Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji. Madereva wanaoleta samaki kutoka Sengerema na Geita wananiambia zamani walikuwa wakilala foleni ya kivuko huku barafu ikiyeyuka, na sasa wanapita kwa dakika chache. Nchi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa na karatasi yangu moja.

Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba mambo mengi: kibali chenyewe, ofisi ya Mwanza ipewe uwezo wa kujibu badala ya kupokea tu, mfumo uonyeshe faili limefika kwa nani, na ukomo wa siku 30 uheshimiwe kwa wote. Bado nayatamani yote. Lakini nimechoka, Mheshimiwa, na kijana yule kesho anaingia tena zamu ya usiku. Kwa hiyo naomba jambo moja. Naomba jibu. Kama ni ndiyo, nitaingia ndani siku hiyo hiyo na kazi ya kwanza itakuwa lile chujio. Kama ni hapana, niandikieni hapana, na sababu yake, ili mwajiri atafute mwingine haraka na kijana asibaki akifundishwa kwa simu kupitia geti.

Muhuri wangu wa kuingia niligongewa Sirari tarehe 19 Januari, unaisha tarehe 19 mwezi huu. Tarehe 18 nitakuwa kwenye basi la kurudi mpakani, kwa sababu sitakaa nchini kwenu hata siku moja isiyo halali. Zimebaki siku 13. Naomba jibu, kwa maandishi, kabla ya hapo.

Wako mtiifu,

Fundi wa mitambo ya baridi,
Kirumba, Mwanza.