Shoga, majibu ya Baba Salma yamefika

Shoga yangu,

Za siku? Watoto hawajambo? Sisi wazima, huku Moro mvua tu. Najua nimekaa kimya tangu Idi, usininunie, nilijua nikipiga simu nitalia mpaka salio liishe.

Sasa majibu ya Baba Salma kwenye kesi yetu ya kuachana na kugawana nyumba yamefika. Juzi karani kanipa, kurasa 11, nikazisoma nimesimama hapo hapo nje chini ya mwembe. Na ni za Kiswahili, si unajua tangu 2021 mahakamani ni Kiswahili, basi kila tusi nimelielewa, bora yangekuja kwa Kiingereza.

Aya ya 9 ndo imenikaa kooni. Eti nilikuwa "mama wa nyumbani tu" na kwenye ile nyumba sikuchangia chochote. Chochote! Wewe si ulikuwepo? Si tulikuwa tunamwagilia matofali wote alfajiri, ndoo kichwani, ndo nikakaange vitumbua? Yeye yuko Tunduma na lori la watu.

Usiku ule sikulala, nikachukua daftari la Salma la Hisabati nikaanza kumjibu. Nikamwandika yule mwanamke wake wa Tunduma, nikaandika mama yake alivyonifanyia msibani, kurasa 8 zikajaa. Asubuhi nikampelekea yule dada msaidizi wa kisheria, kasoma kimya, katoa kalamu nyekundu, kata, kata, kata. Ikabaki mistari 6! Nilikasirika mimi. Akasema mama, hakimu hagawi nyumba kwa sababu mume ana tabia mbaya, mjibu aya kwa aya, alipokubali mwache, alipokataa lete karatasi au lete mtu. Halafu akanionyesha aya ya 4, kakubali mwenyewe nyumba imejengwa 2014, na ndoa yetu ni ya 2009. Mimi na hasira zangu wala sikuiona.

Akanipa na ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani walisema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali. Nikaanza kucheka kwa furaha, akanikata: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia, walihesabu hela alizokuwa ameshapewa na mumewe akazitumia. Kwa hiyo usitegemee kesi peke yake, lete ushahidi wa hela zako. Sasa shoga, vitumbua vina risiti?

Ila ya bati ninayo! Ilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, ina jina langu, imefifia lakini ukiiinua juani inasomeka.

Kuhusu Yusufu kaandika nimeshindwa kumlea. Ana miaka 5, na Sheria ya Ndoa inachukulia wa chini ya miaka 7 ni bora awe kwa mama, ila mwenzio anaruhusiwa kupinga, ndo anapinga hivyo, kaambatanisha picha ya mtoto yuko peku. Peku! Mtoto gani anacheza mpira wa makaratasi na viatu vya shule? Halafu hiyo picha kapiga nani, maana yeye huku hajakanyaga tangu... haya, basi.

Narudi kwenye aya ya 9. Nakutaka wewe, uje useme ulichokiona, matofali na zile hela za vitumbua tulizokuwa tunahesabu kitandani. Usimtukane, nakujua mdomo wako.

Tarehe 18 unaweza? Shemeji atakuruhusu? Ile picha ya siku ya kupandisha bati bado unayo, au ilikufa na ile simu iliyoanguka chooni? Na Mama Koku bado kaninunia? Maana fundi ni mdogo wake, nampataje bila kumpitia yeye? Nauli nitatuma Ijumaa vitumbua vikitoka vizuri. Nijibu hata usiku wa manane, si nalala basi.

Wako,
Mama Salma