Mama mkwe hataki nimeze vidonge vya shingo, na mimba ndo kwanza wiki ya 9

Anti shikamoo, na dada zangu mnaosoma habari zenu. Jina naomba mnisitiri, mawifi nao wana simu.

Mwaka 2021 nilifanyiwa operesheni ya rovu (uvimbe wa tezi ya shingo) wakatoa tezi yote, hawakubakisha hata kipande, kovu ninalo hapa shingoni nalifunika na mtandio. Tangu hapo kila siku nameza kidonge kimoja cha levothairoksini cha mikrogramu 100, ndo homoni ya kuziba pengo la tezi, na nilishazoea kama kupiga mswaki tu. Shida imeanza nilipoolewa nikaja kuishi ukweni huku Njombe. Mume wangu anaendesha lori, akitoka anaweza akamaliza wiki mbili huko Tunduma, kwahiyo nyumbani ni mimi na mama.

Sasa nina mimba, na ya kwanza ilitoka mwaka jana ikiwa na miezi miwili, mnielewe nikisema silali. Mama alivyojua tu akasema mjamzito hamezi midawa, niache, mtoto atakuja taahira. Na yeye mwenyewe ana rovu lake kubwa toka ujana, huku milimani enzi zao chumvi ya madini joto haikuwepo, wamama wengi wa umri wake wanalo. Ananiambia "mimi hili hapa, nimezaa saba na sijameza kidonge hata kimoja". Utamjibu nini mtu kama huyo? Mimi kubishana na wakubwa siwezi, nikaacha. Siku 12.

Ikaja uchovu ule wa kudondosha sufuria, choo hakipatikani, baridi mpaka kwenye mifupa (Njombe baridi ipo ila hii haikuwa ya Njombe). Nikajiiba nikaenda Mbeya kupima, TSH (kipimo cha damu kinachopanda homoni ya tezi ikipungua) ikaja 11 wakati daktari anataka iwe chini ya 2.5. Alinifokea kidogo ila akanielewesha, kwamba rovu la mama limevimba lakini bado ni tezi, linaweza likawa linafanya kazi yake, mimi yangu haipo kabisa, nikiacha kidonge homoni itatoka wapi? Na miezi hii mitatu ya mwanzo tezi ya mtoto haijaanza kazi, anategemea homoni yangu, na ndo ubongo unajengwa hapo. Tena mimba inaongeza mahitaji, kwahiyo nimeze 9 kwa wiki badala ya 7, yaani siku mbili nameza viwili viwili, nirudi kupima kila baada ya wiki 4. Nililia kwenye basi mpaka Makambako.

Dawa nimerudia ila kwa kificho, nimezitia kwenye pakiti ya pedi. Kasheshe ni muda. Inatakiwa tumbo tupu halafu nikae nusu saa mpaka lisaa ndo nile. Nameza saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kumi na mbili nishatapika, sijui kimeingia au kimetoka na chenyewe. Bado mama analeta uji wa maziwa anasimama mlangoni mpaka niumalize. Halafu kliniki walinipa vidonge vya kuongeza damu nikawa nabugia vyote pamoja, kumbe madini ya chuma yanazuia cha shingo kisifyonzwe vizuri, inabidi viachane masaa 4! Hakuna nesi aliyeniambia. Sasa vya damu nameza mchana.

Nauliza kwa aliyebeba mimba akiwa hana tezi, hayo matapishi ya asubuhi uliyavukaje? Nasikia unaweza kuhamishia usiku ukikaa masaa matatu hujala kitu, ila kwetu chakula cha usiku ni saa tatu na mimi saa nne nishalala. Namba ya daktari sikuchukua, uzembe wangu. Na zile siku 12 zinanitesa, nilimuuliza daktari kama mtoto atakuwa sawa akasema tuendelee kupima, hakuniahidi.

Mume nikimpigia anasema "mvumilie mama". Nimekuwa nikiwaza nimchukue mama twende wote kliniki nesi amweleze yeye, au nipitie kwa wifi mkubwa ambaye anamsikiliza, lakini naogopa ataona nimemshtaki. Kipimo kinachofuata ni wiki mbili zijazo, nauli ya Mbeya ninayo. Nikimuaga mama siku hiyo nimwambie naenda wapi?