Kuhusu ile sindano ya uzazi wa mpango, shoga yangu

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale ulipouliza: "Damu isiyotoka haigandi tumboni?" Swali hilo mimi nililala nalo miezi mingi, nikiona haya kumuuliza mtu.

Haigandi popote. Ile dawa ni homoni ya jamii ya projestojeni. Inazuia yai lisipevuke, na ukuta wa mji wa mimba unabaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kumwagika. Ukishachoma mwaka mzima, kukosa siku zako kabisa ni jambo la kawaida. Karibu nusu ya watumiaji huwa hivyo. Kinachochosha ni matone ya mwanzoni. Mimi yalinisumbua miezi minane. Pedi haikutoka kwenye mkoba, na kila nilipoinuka kwenye kiti niligeuka kwanza kukitazama. Lakini damu ikikutoka nyingi mpaka unabadilisha pedi kila saa, usivumilie, nenda hospitali.

Nilinenepa pia, kilo sita kwa miaka mitatu, na hamu ya tendo ikapungua. Hilo la pili lilituletea ugomvi ndani, kwa sababu mume wangu alidhani nimemchoka, na mimi sikujua kwamba sindano inaweza kuwa na mkono wake.

Mifupa nayo isikilize. Dawa inashusha estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, na mifupa hupungua uzito kadiri unavyoendelea kuchoma. Tangu mwaka 2004, boksi la Depo-Provera, ndiyo sindano yetu hii, huko Marekani limebeba onyo kwamba isitumike zaidi ya miaka 2 ila njia nyingine zikiwa hazikufai. Ukiacha, sehemu kubwa ya mfupa hurudi. Wewe umefikisha miaka sita, na uliniambia unameza dawa za pumu. Kama ni vile vidonge vya steroidi, mwambie daktari, maana navyo vinakula mifupa. Na kichwa kikikuuma mfululizo au macho yakianza kufifia, usikae nyumbani na panado. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2024 ulihusisha kuchoma kwa mwaka mmoja na zaidi na uvimbe fulani kwenye utando wa ubongo. Ni nadra sana, na kwa kawaida si saratani, ila ni vizuri ujue.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Umesema mnataka mtoto mwakani. Zuhura, mimi niliacha sindano nikidhani mwezi wa nne nitashika mimba. Mwezi wa saba sikuona kitu, wa tisa kimya. Nikaanza kuamini nimejiharibu kizazi, na nililia chooni bomba likiwa wazi ili nisisikike. Hakuna aliyewahi kunieleza, katika miaka yote ile ya kugongewa mhuri kwenye kadi, kwamba kwa wastani inachukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi mtu kushika mimba, na wengine huzidi mwaka. Kizazi hakijafa, dawa tu inatoka mwilini polepole. Kidonge unaweza kukiacha leo, kijiti kikachomolewa, lakini sindano ikishaingia haitolewi. Hilo lilistahili sentensi moja tu siku ile ya kwanza, na bado linaniuma kwamba sikuambiwa.

Usiache kesho kwa hofu, maana wengine hushika mimba mapema na wewe bado hujajiandaa. Nenda kliniki, waambie mwezi mnaotaka kuanza kujaribu, na uulize ubadili lini na utumie nini hapo katikati. Kama anakubali, nenda na mumeo asikie mwenyewe.

Itazame kadi yako. Sindano ya mwisho ulichomwa tarehe ngapi? Niandikie, tuhesabu pamoja.

Wako akupendaye,
Mwanaidi