Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu, wewe uliyebeba jina la baba yangu,

Picha ya motoka imefika. Mama yako ameionyesha mtaa mzima, hata kwa wasiouliza. Ni motoka nzuri, na ninamshukuru Mungu kwamba mtoto niliyemlea kwa mposho, ule mgao wa chakula wa kampuni, leo analipwa kwa dola. Kilichonichelewesha kujibu ni yale uliyoandika chini ya picha: kwamba tangu Pasaka hutoi tena sadaka, kwamba wachungaji ni wezi, na kwamba fungu lako la kumi sasa linalipa deni la motoka.

Habari ya wachungaji sibishani nawe. Mwaka 2003, kampuni yetu ya migodi, Gécamines, ilipowapunguza wafanyakazi kwa kile walichokiita kuondoka kwa hiari (hiari gani, na mishahara ya miezi mingi hatujaiona?), tulikuwa zaidi ya 10,000 tuliochukua malipo ya mwisho na kurudi nyumbani. Haikupita wiki, mtu mmoja mwenye suti nyeupe akasimamisha hema karibu na soko. Alisema anayepanda mbegu ya dola 100 atavuna 1,000. Nilipanda 300. Mama yako alijua siku fundi alipokuja kudai pesa ya mabati. Hema liling'olewa kabla ya mvua, na mvua ikatukuta hatuna paa kwenye chumba cha nyuma.

Miaka mingi nimesema niliibiwa, na ni kweli. Lakini siku hizi, nikiketi peke yangu barazani, najiuliza nilikwenda kutafuta nini pale. Nilikuwa ninataka 3,000, basi. Jina la Mungu nililitaja kama mcheza kamari anavyotaja namba yake. Yule wa suti alinikuta nikiwa na tamaa yangu tayari, hakuniletea yeye. Sasa wewe umefunga mkono, mimi niliufungua, na nikitazama vizuri naona sote wawili tulikuwa tukifikiria pesa tu.

Fungua Marko 12. Wenye kuhubiri sadaka huanzia mstari wa 41, Yesu ameketi kuelekea sanduku la hazina na mjane anatia vile visarafu viwili. Wewe anzia mstari wa 40. Hapo anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Aliwaona kabla yako, mwanangu, akawasema hadharani, na papo hapo akawaita wanafunzi wamtazame yule mama. Kisha soma Kumbukumbu la Torati 14, mwishoni: kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Sura hiyo sijaisikia ikihubiriwa hapa Katuba, na sababu unaweza kuikisia.

Unakumbuka ndoo ya bluu? Hata mposho ulipokatika, mama yako kila alipotaka kupika bukari, ugali wetu, alitenga kopo moja la unga, akalimimina kwenye ile ndoo chini ya kitanda. Nilimgombeza: tunakula mara moja kwa siku, unamwekea nani? Hakujibu. Jumamosi ndoo ilikwenda kwa mjane wa kona, na aliyeibeba kichwani ni wewe. Ulikuwa ukinung'unika kwamba wenzako wanakucheka. Siku moja ulirudi kimya kabisa, ukamwambia mama yako kwamba watoto wa nyumba ya mjane walianza kuutia unga mdomoni kabla maji hayajachemka. Jumamosi iliyofuata uliichukua ndoo bila kuitwa.

Sikwambii umpe mchungaji yeyote tu. Mimi natoa katika kanisa letu kwa sababu hesabu inasomwa mbele yetu kila mwezi. Ile fedha ya saruji najua imekwenda wapi. Pasiposomwa hesabu sitoi hata falanga. Lakini huko Kolwezi wapo akina mama wanaoosha mawe ya shaba na kobalti majini na watoto mgongoni, nawe nadhani unapita na vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi.

Mjane wa kona angali hai. Mjukuu wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya masomo. Mama yako atakuambia ni kiasi gani, si nyingi.

Ile televisheni unayotaka kunitumia, usiitume. Yetu ya zamani inaonyesha, ila watu wote wana uso wa kijani upande wa kushoto. Tumeshawazoea.

Papa yako