Barua ya malalamiko: Msijenge kwenye eneo letu la wazi

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ujenzi wa Nyumba za Makazi.

YAH: KUPINGA UJENZI WA NYUMBA KATIKA ENEO LA WAZI LA MTAA WETU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa unaopakana na eneo la wazi ambalo kampuni yenu imelizungushia mabati na kuchimbia bikoni ili kujenga nyumba za kuuza. Napinga nyumba hizo kujengwa pale, na nalalamikia namna mlivyotuletea jambo hili.

Tangazo la kukaribisha maoni lilibandikwa upande wa ndani wa uzio, mahali ambapo mpita njia hawezi kulisoma. Kikao kikawekwa mchana wa siku ya kazi. Wachache waliofika wakaambiwa michoro imeshakamilika. Kama imeshakamilika, maoni yetu yalitakiwa ya nini?

Maelezo yenu yanadai kiwanja hakitumiki. Si kweli. Asubuhi wazee hunyoosha miguu pale kwa sababu hakuna pikipiki za kuwakimbiza. Jioni watoto wa vyumba vya kupanga, ambao kwao hakuna hata ua, ndipo wanapopata pa kukimbia. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani inapendekeza kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake. Sisi tunalo hili moja tu, na ndilo mnalotaka kulichukua.

Ila kinachonitia hofu kuliko vyote ni maji. Eneo lile liko chini ya barabara. Ikinyesha mvua kubwa, maji ya mapaa na ya barabara hushukia pale, hutuama kwenye nyasi, kisha udongo huyanywa taratibu. Mkishamwaga zege, maji yatakuja vilevile, tena kwa kasi zaidi, na yatatafuta njia kwenye milango ya nyumba zilizo chini yetu. Nimeangalia mchoro wenu: mmeweka maegesho ya magari chini ya ardhi, katika sehemu hiyo hiyo yanapotuama maji. Watakaonunua nyumba hizo nao wana haki ya kulijua hilo kabla hawajalipa.

Mmeahidi kupanda miche miwili kwa kila mti mtakaoukata. Mche wa kufika kiunoni hauwezi kutoa kivuli wala kupoza hewa kama mti mkubwa unavyofanya, na utahitaji miaka mingi kufikia hapo, kama utapata wa kuumwagilia. Mmesema pia mti mkubwa wa kwenye kona mtaubakiza. Nendeni mkautazame leo. Kokoto zimerundikwa hadi kwenye shina, na greda linapita juu ya mizizi yake kila siku. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko karibu na uso wa ardhi na huenea kupita mwisho wa kivuli chake. Udongo ukishashindiliwa, mizizi hukosa hewa na maji, na mti huanza kufa polepole bila mtu kutambua. Utakapokauka, ninyi mtakuwa mmeshauza na kuondoka.

Sipingi watu kupata nyumba. Wengi wetu ni wapangaji na tunajua adha ya kukosa pa kuishi. Lakini yapo majengo chakavu na maghala yaliyoachwa, ardhi ambayo tayari imefunikwa kwa zege. Huko ndiko kwa kuanzia. Ardhi ya wazi ikishajengwa, hakuna anayekuja kubomoa nyumba ili kuirudisha. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga jengo refu lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Alitukanwa hadharani, lakini mradi uliachwa, na bustani ile ipo mpaka leo.

Naomba msimamishe kazi zote pale, na kokoto ziondolewe kwenye mti huo wiki hii. Tuonyesheni kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na mpango wenu wa kuondoa maji ya mvua. Mkishatupa nyaraka hizo na muda wa kuzisoma, itisheni kikao kingine jioni au mwishoni mwa wiki, tangazo likiwa nje ya uzio.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, tutawasilisha pingamizi rasmi kwa mamlaka ya mipango miji, na barua hii itakuwa sehemu ya vielelezo.

Wenu,
Mkazi jirani na eneo la wazi

Nakala: Idara ya Mipango Miji