Pete ya Bibi Yako na Wale Wawili wa Ginza

Sakina, Arusha
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, ziwafikie wote hapo Ngamiani, Tanga. Pete imefika salama. Kondakta alinikabidhi ikiwa bado ndani ya kopo la mafuta ya nywele, umelifunga kwa mpira mara nne, na ilinibidi nilifungue palepale stendi mbele za watu. Majibu ya pete nitakupa, usiharakishe. Kwanza tumalize ugomvi wetu.

Umemaliza vipindi vyote kumi na viwili kwa siku mbili, halafu ukanitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, wote malalamiko. Ningekujibu kwa sauti vilevile, lakini kila nikianza nakusikia unanikatiza, hata kama haupo. Kwa hiyo naandika. Karatasi huwezi kuikatiza.

Lalamiko lako nimelielewa. The Case Files of Jeweler Richard, ule mchoro wa Kijapani (katuni ya runinga) wa Richard muuza vito wa Ginza, Tokyo, na Seigi kijana anayemsaidia dukani, imekuzungusha. Tangu usiku ule Seigi anamkuta Richard akisumbuliwa na walevi kwenye bustani ya Yoyogi, wewe ukawa unangoja. Kijana hafungui mdomo bila kumwambia mwenzake kwamba ni mzuri. Anamtengenezea pudingi. Mwenzake anapotoweka bila kuaga, anamfuata mpaka Uingereza. Na baada ya yote hayo hakuna aliyesema kitu. "Wanatuchezea," ukasema. "Ama wapendane, ama wawe marafiki. Wachague."

Mimi nilikuwa upande wako, mpaka niliporudia kile kipindi cha rubi.

Unamkumbuka yule dada aliyeleta rubi dukani akitaka kujua jambo moja tu, kama imechomwa au haikuchomwa? Wewe najua ulikiruka haraka ili urudi kwa Richard wako. Mimi sikuweza kukiruka, maana swali lile ndilo ninaloulizwa kila wiki. Tanzanite nyingi inatoka Mirerani ikiwa na rangi ya kahawia, ukiiona chini unaweza kuipita. Inawekwa kwenye moto wa nyuzi 500 na kitu, ndipo bluu inapojitokeza. Mteja akisikia hivyo anakunja uso, anadhani ameuziwa bandia. Mzee anayetufundisha kukata vito huwa anawajibu kwamba moto haukuleta bluu kutoka nje. Jiwe lilikuwa nayo. Rubi nayo huchomwa, kwa moto mkali zaidi, na ikitoka ni rubi ileile. Bei ndiyo inayobadilika, kwa sababu isiyochomwa na bado ikawa nzuri ni adimu.

Sasa yule dada alikuwa na mchumba mwanamume na harusi inakuja, huku moyo wake uko kwa mwanamke mwenzake. Alikuwa anauliza habari za jiwe, na alikuwa anajiuliza habari zake mwenyewe. Na pale mchoro haukuzunguka hata kidogo, Mwanaidi. Umelisema jambo kwa jina lake.

Nikamsimulia mzee tukiwa kwenye mashine. Nikamwambia, kuna msichana ana mchumba lakini mpenzi wake ni mwingine. Akatikisa kichwa, akasema mabinti wa siku hizi. Nikaendelea, yeye na mpenzi wake hivi, mchumba naye vile, mzee anafuata kisa vizuri kabisa, mpaka nilipotaja kwamba huyo mpenzi ni mwanamke. Akazima mashine. Akaniuliza kwa nini nilimficha. Wallahi sikumficha. Kiswahili ndicho kilichomficha. "Mpenzi wake", "yeye", "anampenda": hakuna neno hata moja hapo lenye ndevu wala lenye ushungi. (Baadaye akawasha mashine, akaniambia niendelee na kisa. Alitaka kujua kama harusi ilifungwa.)

Kwa hiyo usiniambie waandishi waliogopa kulitaja. Wamelitaja mapema kabisa, kwa mteja anayepita siku moja na kwenda zake. Kwa wale wawili wanaobaki dukani ndiko wamenyamaza, na mimi nataka kujua kwa nini wamenyamaza hapo na si kule.

Tuanze na kwao. Bustani ya Yoyogi iko kata ya Shibuya. Novemba 2015, Shibuya na Setagaya zilikuwa za kwanza Japani kutoa karatasi ya kuwatambua wenzi wa jinsia moja. Ni ya kata tu. Si cheti cha ndoa. Mwezi uliofuata kikatoka kitabu cha kwanza cha Nanako Tsujimura, ambacho ndicho chimbuko la mchoro huu, na mchoro wenyewe ukaonyeshwa kuanzia Januari mpaka Machi 2020. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya Sapporo ikasema kuwanyima watu hawa ndoa ni kinyume na katiba, na sheria ya nchi haikubadilika kwa hilo. Hebu fikiria wakati ule: mtaa mmoja ulikutambua, ukivuka barabara hawakukujua. Kisa kilichozaliwa mahali kama hapo kina haki ya kuwa na watu ambao nusu wanaonekana na nusu hawaonekani. Sisi huku ndio hata tusifungue mdomo kuwahukumu.

Halafu kuna maneno. Mimi na wewe tumeangalia kwa maandishi ya Kiingereza chini, na nadhani hapo ndipo ulipopotea. Neno analomrushia Seigi mwenzake kila mara ni *kirei*, ambalo kwao ni uzuri na ni usafi vilevile, kama sisi tunavyosema kitu ni safi. Na *suki* ni kupenda, kwa chai, kwa mtu, kwa wali wa nazi. Kiingereza kinamlazimisha mfasiri achague, akichagua wewe unashtuka. Kiswahili kisingemlazimisha. Wewe mwenyewe unapenda dagaa, unapenda mvua, unanipenda mimi, kwa kitenzi kimoja, na hujawahi kunieleza mpaka uko wapi.

Na yale ya kumsifia? Kaka yako Idi akitoka na kanzu mpya siku ya sikukuu, nani kati ya rafiki zake asiyemwambia "umependeza"? Wanatembea Ngamiani nzima wameshikana mikono na hakuna anayegeuka. Richard ndiye anayemkaripia Seigi achunge ulimi, watu watamwelewa vibaya. Lakini mtazame Richard anavyokaripia. Mtu asiyetaka kusifiwa hukasirika mara moja, akanyamaza. Huyu anarudia karipio lilelile kama mtu anayegonga mlango ili aambiwe pita.

Kwenye chai ndipo nilipowaamini. Royal milk tea wanayoiita hivyo kwa mbwembwe ukiitazama ni chai yetu ya maziwa, imechemshwa kwenye sufuria, imekosa tangawizi tu. Seigi anaipika dukani, Richard anaionja na kuitolea hukumu kama jaji, na wateja wanakuja na siri zao za pete na bangili, na kikombe kipo. Mwanamume mwenye lugha zote zile kichwani, anayeendesha Jaguar ya kijani, hamwambii kijana kwamba amemzoea. Anakunywa mpaka tone la mwisho. Bibi yako angewaelewa hawa bila maandishi ya chini.

Sasa nikupe haki yako, maana unayo. Tanimoto ameonewa. Msichana anapenda mawe kwa dhati, anayajua kuliko Seigi atakavyoyajua maisha yake yote, na kazi aliyopewa ni kuwa kifuniko cha sufuria. Kila moto ukipanda kati ya wale wawili, tunakumbushwa kwamba Seigi anampenda Tanimoto, kama mtu anayekohoa ili watu wasisikie alichotangulia kusema. Hapo si ufundi tena, hapo ni biashara: anayetaka mapenzi apate, anayetaka urafiki apate, na wote wawili wanunue. Na zile habari za ukoo wa Uingereza, urithi na binamu zimesukumwa vipindi vya mwisho kama mizigo ya basi la saa kumi na mbili. Kama ndizo zilizokukasirisha, tuko pamoja.

Ila "wachague" sikubali, na sasa nakuja kwenye pete yako.

Bibi yako aliiita jiwe jekundu, mama yako anaiita la waridi, na wewe umeandika kwenye kopo "sijui garneti". Nilidhani kwanza ni spineli. Spineli imewalaghai wakubwa: lile jiwe jekundu la mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa rubi ya Black Prince, ni spineli. Na sisi tunazo Mahenge, nzuri mno. Nikaliweka kwenye kile kipimo kinachoonyesha jiwe linavyopinda mwanga, likasoma 1.76 kwenda 1.77. Spineli ingeishia 1.72 hivi. Nikazima taa, nikalimulika na ile taa ya zambarau, likawaka jekundu kama kaa la moto. Basi, si garneti, si spineli. Ni lile jiwe lenyewe.

Lipi sasa? Rubi na safaya ni jiwe moja, oksidi ya alumini. Ikiingia chembe ya kromiamu jiwe linapata wekundu. Chembe ikiwa kidogo sana tunasema safaya ya pinki, ikiwa nyingi tunasema rubi. Na pale kati, shoga yangu, hakuna ukuta. Jiwe moja linaweza kupelekwa kwenye maabara mbili za heshima, moja ikaandika rubi, nyingine safaya ya pinki, na hakuna iliyosema uongo. Jiwe la bibi yako limekaa palepale kati. Chini ya balbu ya mzee ni jekundu. Nikitoka nalo nje saa nne asubuhi ni la waridi. Nimetoka na kuingia mara sita mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilipokuwa nalisafisha kwa mswaki nikakumbuka mnavyosema kwenu, kwamba pete bibi aliachiwa na shoga yake, Bi Zuhura. Nikalifikiria hilo neno. Mimi nalitumia juu kabisa ya barua hii na wewe hukushtuka, maana wewe ni wa pwani na mama zetu wote wameitana hivyo. Huku nikilitamka kwenye simu, vijana wa karakana wanatazamana. Neno lilelile, na wao wameshaamua lina maana moja.

Bi Zuhura nilimkuta. Kila likizo niliyokuja kwenu alikuwepo, kwenye kile chumba cha uani chenye vitanda viwili na chandarua kimoja kikubwa. Walikuwa wakikaanga vitumbua alfajiri, mmoja anamimina, mwingine anageuza, hawasemezani. Wakinunua doti moja ya kanga wanagawana, huyu kipande chake, yule chake, wanatoka nazo barazani jioni. Bi Zuhura alipofariki, bibi yako hakutoka barazani mpaka mvua za vuli. Ulipata kumuuliza walikuwa nani kwa nani? Mimi sikuuliza, na si kwa woga. Sikuona kama kuna swali.

Sasa karatasi ya kulitambulisha jiwe. Ukitaka kuuza, jina lina uzito, maana rubi ina bei yake na safaya ya pinki ina yake. Lakini wewe huuzi, nakujua. Kwa hiyo nimelirudia neno la zamani, lile ambalo sokoni hatulitumii tena. Watafsiri wa Biblia walipofika kwenye mawe ya kifua cha kuhani waliandika "yakuti samawi" kwa lile la bluu, na lile jekundu watu wa pwani wameliita yakuti tu siku zote. Jina moja, ukoo mmoja. Kiswahili kililijua jiwe hili kabla ya vipimo vyangu.

Mzee alisoma nilichoandika, akavua miwani, akaniuliza rangi iko wapi. Nikamwambia atoke nalo nje, arudi, halafu aniambie yeye. Akatoka. Akakaa huko kitambo. Aliporudi akasaini bila kuongeza neno.

Basi imo humu ndani, pamoja na barua: YAKUTI, gramu zake na pete, tarehe, saini mbili. Ivae, usiifungie kabatini. Rudia kile kipindi cha rubi bila kukimbilia mbele, halafu unitumie sauti yako ndefu, nitakuwa nimepika chai. Kopo la mafuta nimebaki nalo, nywele zangu zimekauka na baridi ya huku.

Wako,
Rehema